Mtoto Asiyeuona Ubao

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

 Ninyi mliolisikia somo hili redioni, sasa mnalo mkononi. Someni polepole, na mahali penye ugumu rudieni. Leo tutajifunza habari za macho ya watoto, na jinsi macho yanavyoweza kumsaidia mtoto kusoma au kumzuia asisome. Tutaanza na habari za zamani, kwa sababu kosa tunalotaka kulisahihisha ni la zamani.

Kwanza nawaulizeni. Tuseme yuko mtoto wa darasa la pili. Nyumbani ni mwerevu. Hesabu ya kuku wa mama yake anaijua, na hadithi ya bibi akiisikia mara moja huisimulia yote. Lakini akifika shuleni ni kama mtu mwingine. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye hunakili katika daftari la jirani yake. Akiitwa kusoma, husimama kimya. Mwisho wa mwaka amekuwa wa mwisho darasani. Baba yake husema, "Mtoto huyu ni mvivu." Wenzake humwita mjinga. Naye mwenyewe, kwa kuwa ameambiwa mara nyingi, huanza kusadiki kuwa ni mjinga kweli.

Je, yuko mtu aliyemwuliza kama anauona ubao?

Na hata akiulizwa, huenda akajibu, "Ninauona." Hasemi uwongo. Anaona kitu cheusi chenye mistari meupe iliyofifia, naye anadhani watu wote huona hivyo. Mtu hawezi kulilia asichokijua. Hili ndilo neno kubwa la somo letu, lishikeni: mtoto hatakwambia kuwa haoni, kwa sababu hajui kuwa haoni. Ni kazi ya mkubwa kumpima.

KAZI YA MACHO ZAMANI

Ninyi wa Kalenga mnajua mahali mnapokaa. Hapo penu, karibu na mto Ruaha Mdogo, ndipo Mtwa Mkwawa alipojenga ngome yake yenye ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe walijificha vichakani wakalivamia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski akauawa siku hiyo. Wajerumani walirudi, wakaiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukubali kushindwa. Aliendelea kupigana porini mpaka alipokufa tarehe 19 Julai 1898.

Katika vita vya namna ile, jeshi hutegemea macho ya wapelelezi. Kadhalika mchungaji alihitaji kumwona ng'ombe aliyepotea ng'ambo ya bonde, na mwindaji alihitaji kumtambua mnyama katikati ya nyasi. Hizo zilikuwa kazi za macho ya mbali. Kazi za macho ya karibu pia zilikuwapo: kusuka mkeka, kushona, kutoa mwiba mguuni, kuchambua mbegu.

Watu wenye kasoro za macho walikuwapo hata siku zile. Lakini haikuwapo kazi moja iliyowataka watoto wote waone kitu kimoja, kwa umbali mmoja, kwa saa ile ile. Asiyeuona mlima vizuri aliweza kusuka. Asiyeweza kusuka aliweza kuchunga. Kasoro ilikuwamo ndani ya jicho, ila haikuonekana kwa watu.

Halafu ikaja shule. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wabenediktini walianza misheni ya Tosamaganga, jirani yenu kabisa. Zikaja shule za serikali ya Wajerumani, kisha za Waingereza, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 shule zikaenea vijijini. Shule iliyapa macho ya mtoto kazi mpya. Ilimtaka aone ubao ulio mbali, kisha ainamishe kichwa aone herufi ndogo za kitabu kilicho karibu, kisha atazame tena ubao, siku nzima, miaka mingi. Aliye na kasoro alijulikana mara moja. Lakini watu hawakusema, "Ana kasoro ya macho." Walisema, "Hana akili." Hilo ndilo kosa la zamani, nalo halijaisha.

Na msidhani kusoma ni jambo dogo. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika mkataba wa amani uliotiwa sahihi Versailles, Ufaransa, iliandikwa kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la kichwa cha Mkwawa. Miaka ilipita, watu wakafa, lakini maandishi hayakufa. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi fuvu hilo kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, nalo lipo katika makumbusho ya Kalenga. Mtoto wa Kalenga akiingia humo anapaswa aweze kusoma habari za babu yake kwa macho yake mwenyewe, asiwe wa kusomewa.

MIWANI NA HERUFI ZA KUPIMIA

Sasa tuangalie jicho lenyewe. Mbele ya jicho kuna kioo chembamba kinachoangaza. Nyuma yake kuna lenzi, na nyuma kabisa kuna ngozi laini iliyo kama pazia, ambayo hupokea sura ya kitu. Mwanga ukikusanyika sawasawa juu ya pazia, mtu huona vizuri. Lakini jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukusanyika kabla ya kulifikia pazia. Mtu huyo huona vitu vya karibu, na vya mbali huwa kama ukungu wa asubuhi. Jicho likiwa fupi kupita kiasi, jicho hujikaza sana ili lione vya karibu, na mtoto akisoma huchoka upesi na kuumwa kichwa. Hakuna mtu aliyemroga, wala si uvivu wake. Ni umbo la jicho, kama vile mmoja huzaliwa mrefu na mwingine mfupi.

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia yapata mwaka 1286. Ilikuwa ya wazee ambao macho yao yalikuwa yamechoka kusoma. Miwani ya kuonea mbali ilikuja baadaye, katika karne ya 15. Walakini kwa muda mrefu kila mtu alijaribujaribu miwani sokoni mpaka apate inayomfaa. Mwaka 1862 daktari Mholanzi, Herman Snellen, wa mji wa Utrecht, alitoa karatasi ya herufi zilizopangwa kwa kipimo: kubwa juu, ndogo chini. Mtu husimama mbali, kwa kawaida mita 6, akasoma kwa jicho moja moja. Tangu hapo kuona kukawa na kipimo, kama mahindi yalivyo na kilo.

Kwa mtoto asiyejua kusoma hutumika herufi E peke yake, imegeuzwa huku na huku. Mtoto hasomi neno. Huonyesha kwa mkono upande inakotazama miguu mitatu ya E: juu, chini, kushoto au kulia. Basi hata ambaye hajaingia shule aweza kupimwa.

IRINGA ILIVYOPIMA KILICHOFICHIKA

Mambo ya kupima si mageni Iringa. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNICEF na WHO, kwa msaada wa fedha kutoka Italia, ilianza mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa. Mpango uliingia kwanza katika vijiji 168. Watu wa nje walishangaa. Walisema, "Iringa ni nchi ya mahindi, watoto wanawezaje kukosa lishe?" Hata wazazi wengi hawakujua, maana mtoto aliyedumaa akikaa kati ya waliodumaa huonekana kuwa mzima.

Basi watoto walipelekwa kwenye mizani, wakapimwa mbele ya kijiji, na uzito wao ukaandikwa. Mizani ikafichua njaa iliyojificha. Wanakijiji walipoiona walianza kuulizana: chakula kipo, mbona mtoto amepungua? Ni mara ngapi kwa siku anakula? Nani hubaki naye mama akienda shamba?

Ndugu zangu, karatasi ya E ni mizani ya macho. Kama mlivyojifunza kutotegemea kutazama tu mnapotaka kujua uzito wa mtoto, msitegemee kutazama tu mnapotaka kujua kama anaona. Jicho laweza kuwa zuri, safi, lenye kung'aa, na bado haliuoni ubao.

MWANZA NA DAR ES SALAAM

Je, watoto hao ni wengi? Katika mji wa Mwanza walipimwa wanafunzi 2,511 wa shule za sekondari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Wanafunzi 154, yaani kama 6 katika kila 100, walikuwa na kasoro kubwa ya macho inayoweza kusahihishwa kwa miwani. Wengi wao walikuwa wasioona mbali. Na katika hao waliohitaji miwani, hawakufika hata theluthi moja waliokuwa nayo kabla ya kupimwa. Katika shule za msingi za vijijini idadi huwa ndogo kuliko hiyo. Lakini mzazi mwenye mtoto huyo mmoja hana faraja kwa kuambiwa kuwa wengine 99 wanaona.

Baadaye, Dar es Salaam, wanafunzi wenye kasoro waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani bure. Kundi la pili lilipewa cheti cha daktari ili wakanunue. Baada ya miezi mitatu waliangaliwa tena. Waliopewa cheti tu, 26 katika kila 100 ndio waliokuwa wakitumia miwani. Waliopewa bure walikuwa 47 katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Tazameni hapo. Bei ni kizuizi kweli, maana bure ilisaidia. Lakini hata walipopewa bure, zaidi ya nusu hawakuivaa! Wanafunzi walipoulizwa habari za miwani, walieleza kwamba wenzao huwacheka, na kwamba watu husema miwani huharibu macho. Basi ulimi wetu nao waweza kumfumba mtoto macho. Nasema wazi: miwani iliyopimwa na mtaalamu haiharibu jicho. Na anayemcheka mwenye miwani anamrudisha mwenzake gizani.

SURUA, MBOGA NA DAWA ZA JICHONI

Mpaka hapa tumesema habari za umbo la jicho. Yako pia magonjwa yanayoliharibu jicho lililozaliwa zima.

La kwanza ni surua. Katika miaka ya 1980 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer waliandika habari za watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo vilikuja baada ya surua. Na katika hao waliotoka kwenye surua, sababu iliyoongoza ilikuwa ni upungufu wa vitamini A mwilini. Sababu nyingine mojawapo ilikuwa dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Mama alitia dawa kwa upendo, akitaka kumponya mwanawe, na dawa ikaunguza.

Kwa hiyo kinga ni tatu. Chanjo ya surua. Nchi yetu ilianza mpango wa chanjo kwa watoto mwaka 1975, nao umeokoa macho mengi sana. Vitamini A, ambayo hutolewa kliniki kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, nayo imo katika mayai, maini, maziwa, mchicha, majani ya maboga, maembe, karoti na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa. Na tatu, kutotia kitu chochote jichoni ambacho hakikutoka kwa mganga wa hospitali. Ukiona mtoto anajikwaa jua likitua, hali wenzake wanaona njia, usingoje: mpeleke.

La pili ni vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma. Huo huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua usoni. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, baada ya miaka kope hupindika ndani na kukwaruza jicho mpaka mtu awe kipofu. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, iliteswa sana nao. Huko ulifanywa uchunguzi katika vijiji 6, ukachapishwa mwaka 1995. Vijiji vyote vilipewa dawa ya kupaka, na 3 kati yao vilifundishwa pia kuwanawisha watoto uso. Ikaonekana kwamba watoto ambao nyuso zao zilikaa safi waliugua vikope vikali kidogo kuliko wengine. Uso wa mtoto hauhitaji ndoo ya maji. Kikombe kimoja chatosha.

Na choo husaidia pia, maana hupunguza nzi. Wazee wenu watakumbuka mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya "Mtu ni Afya", kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo la redio likisikilizwa na watu wenye nia, hugeuka kuwa jembe.

MTOTO ASIYEWEZA KUSAIDIWA NA MIWANI

Wako watoto ambao miwani haiwatoshi. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, macho yake huumizwa na mwanga mkali na haoni mbali vizuri. Lakini si kipofu. Akikaa mbele, mbali na jua la dirishani, akavaa kofia, akapewa maandishi makubwa na ruhusa ya kukikaribia kitabu na ubao, atasoma. Msimkataze kukiinamia kitabu, hataharibu macho.

Na aliye kipofu kabisa naye asome. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, aliumia jicho akiwa mtoto mdogo katika karakana ya baba yake, akapofuka. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alibuni herufi za nukta zinazosomwa kwa vidole. Sisi twaziita nukta nundu. Hapa kwetu Shule ya Vipofu Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950. Basi mtu asiseme, "Huyu haoni, akae nyumbani."

KAZI YETU

Sasa nageukia ninyi wenyewe. Wengi wenu mna miaka 40 au zaidi. Hebu niambieni: je, siku hizi hamkisogezi kitabu mbali kidogo ili herufi zionekane? Lenzi ya jicho huzidi kuwa ngumu kadiri mtu anavyokua. Huko Kongwa walipopimwa watu wa miaka 40 na zaidi, kama 62 katika kila 100 walikuwa na shida hiyo; habari hizo zilichapishwa mwaka 2006. Ukitaabika na herufi, usiseme, "Nimezeeka, kichwa hakishiki tena." Nenda upimwe macho. Kwa sababu ninyi mwaijua taabu hiyo, ninyi ndio mnaoweza kumwelewa mtoto kuliko watu wote.

Fanyeni hivi. Chukueni karatasi nyeupe. Chora kwa wino mweusi herufi E nne, kila moja iwe na urefu wa sentimita moja na robo tatu, miguu yake mitatu iwe sawa. Moja itazame juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia. Itundikeni ukutani penye mwanga mzuri, kwa kimo cha macho ya mtoto. Mtoto asimame mita 6, kama hatua nane za mtu mzima. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aonyeshe kwa mkono mwingine. Kisha lile jingine. Msisahau kufunika, kwa maana jicho moja zima humficha mwenzake mbovu. Na jicho lililoachwa bila kazi utotoni, ubongo hulizoea kutolitumia. Likichelewa, hata miwani haitalirudisha. Kwa hiyo mpimeni mtoto kabla hajaanza darasa la kwanza.

Akishindwa, msimkaripie. Mpelekeni hospitali yenye mtaalamu wa macho, na wakati mnangoja, mwombeni mwalimu amkalishe mstari wa mbele. Kipimo hiki cha nyumbani si cha daktari. Kazi yake ni kuwaambia ni mtoto yupi wa kupelekwa kwa daktari.

Watazameni pia katika mambo ya kila siku: anayefinya macho akitazama mbali, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayekigusisha kitabu na pua, anayenakili kwa jirani, anayelalamika kichwa baada ya masomo.

Ndugu zangu, mtoto aliyefeli kwa sababu ya akili tutamfundisha polepole. Lakini mtoto aliyefeli kwa sababu hatukumpima, huyo tumemfelisha sisi. Usiku wa leo, mtoto wako akirudi kutoka kuchota maji au kufunga mbuzi, usimwulize amekuwa wa ngapi. Mketishe karibu, mwulize, "Mwanangu, ukikaa kwenye dawati lako, mwalimu akiandika, waona nini?" Kisha msikilize mpaka amalize.

Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtoto asiyeona vizuri hasemi?
2. Shule iliyapa macho ya watoto kazi gani mpya?
3. Mizani ya Iringa ya mwaka 1983 na karatasi ya E zafanana kwa jambo gani?
4. Dar es Salaam, kwa nini wanafunzi wengi waliopewa miwani bure hawakuivaa? Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya miwani?
5. Chorani karatasi ya E hapa darasani. Nani atawapima watoto, na lini?